Saksesheni: jina la binti lisiachwe kwa chifu

Mzee akifariki Ogembo bila kuacha wosia, shamba lake la chai hubaki kwa jina lake, hata kama wanawe wamekuwa wakilichuma miaka nenda miaka rudi. Hati miliki haibadilishwi mpaka familia ifungue kesi ya mirathi, ile ambayo wengi huiita saksesheni. Na safari hiyo huanzia kwa chifu kabla ya kufika kwa wakili.

Barua ya chifu hutaja wote walioachwa na marehemu. Hapo ndipo dhuluma nyingi huanzia: binti aliyeolewa Nyamira au Kilgoris haandikwi, eti sasa ni wa boma lingine. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, haikubali kisingizio hicho. Katika kesi ya urithi ya familia ya Rono, iliyoamuliwa mwaka 2005, Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti ardhi ndogo kuliko kaka zao, ikitaja kwamba wanaweza kuolewa. Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, nayo inataka mila zinazobagua kwa jinsia katika ardhi ziondolewe.

Kwa mzee aliyekuwa na wake wengi, Wagusii wamezoea kugawa kwa enyomba, kila nyumba sawa na nyingine. Lakini kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi huhesabu watu. Nyumba yenye watoto saba na mama aliye hai ina hisa nane. Yenye watoto wawili na mama ina tatu. Shamba la eka 11 basi hugawanywa eka nane kwa tatu, si nusu kwa nusu. Ugomvi mkali huzuka hapa, na ni haki ya kila nyumba kuelezwa hesabu hii mapema.

Msimamizi wa mirathi ni mtunzaji tu. Kuteuliwa hakumfanyi mwenye mali. Ombi lake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa angalau siku 30. Kwa kawaida hati yake ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi sita, mahakama ikiidhinisha mgao. Kabla ya uthibitisho haruhusiwi kuuza ardhi. Asiye na hati kabisa akiigusa mali hiyo, anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Wakili naye achunguzwe. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha mtandaoni inayoonyesha nani ana leseni ya mwaka huu. Asiyeonekana humo asipewe hata senti kabla ya kuuliza chamani. Ada iandikwe, risiti itolewe. Mahakama za mahakimu, kama ile ya Ogembo, husikiliza mirathi ya thamani isiyozidi kikomo cha hakimu, ambacho ni kati ya shilingi milioni 5 na milioni 20 kulingana na cheo chake. Inayozidi uwezo wa hakimu huenda Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na wanawake wanaweza kufika ofisi ya FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, iliyoko Kisumu.

Binti aliyegundua baadaye kwamba jina lake lilifichwa hajachelewa. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu kuiomba mahakama ifute hati ya usimamizi, hata kama ilishathibitishwa.