Afya ya Rubani wa Parachuti ya Injini Kabla ya Kuruka

Parachuti ya injini ni chombo chepesi cha angani. Rubani huketi katika kigari kinachoning'inia chini ya parachuti, na nyuma yake huwapo injini na pangaboi. Mwendo wake ni takribani kilomita 40 hadi 55 kwa saa, na upole huo huwafanya wengi wadhani kuwa hakina hatari.

Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1982 humruhusu mtu kurusha chombo cha aina hii chenye kiti kimoja na uzito usiozidi kilo 115 bila leseni wala cheti cha afya, mradi aruke mchana na asipite juu ya makazi yenye msongamano. Uhuru huo una gharama: hakuna daktari wa kumzuia mgonjwa asiruke. Rubani hujipima mwenyewe.

Ndiyo maana marubani hufundishwa kujihoji kuhusu mambo sita: ugonjwa, dawa, msongo wa mawazo, pombe, uchovu na hisia kali. Mfano ni rubani aliyeamka na mafua, akameza kidonge cha dukani na kujiona amepata nafuu. Dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi na kuchelewesha uamuzi, ilhali waya wa umeme ulio mbele hautamsubiri. Mtu huyo hapaswi kuruka. Kuhusu pombe, marubani wa ndege nchini humo hutakiwa kukaa angalau saa 8 tangu kinywaji cha mwisho. Hata hivyo, aliyekunywa sana huweza kubaki na athari zake baada ya muda huo.

Akishajiridhisha na afya yake, rubani hukagua kamba, kitambaa, mafuta na mikanda. Huvaa kofia ngumu na vikinga masikio, na huepuka skafu au kitu chochote kinachoweza kuvutwa na pangaboi. Injini haiwashwi mpaka watu wote wawe mbali. Saa za asubuhi na jioni hufaa zaidi, kwani jua kali la mchana huipasha ardhi joto na kuvuruga hewa.

Ajali ikitokea, mwokoaji ahakikishe kwanza kuwa injini imezimwa. Chombo kilichonasa kwenye waya kisiguswe mpaka umeme ukatwe. Jeraha la pangaboi linalovuja damu ligandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi. Aliyeanguka kwa kishindo asisogezwe, isipokuwa kama kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo, kwa kuwa uti wa mgongo huenda umevunjika.

Madhara hayo ni mazito kuliko hasara ya kuahirisha safari kwa siku moja. Rubani asiyejisikia vizuri ameshapata jibu lake angali ardhini.