Nyumba ya Mgeni katika Joto la Pwani

Wengi wetu tukimaliza masomo tutakwenda kutafuta kazi mbali na milima yetu, na wengine watavuka mpaka. Kwa hiyo nimeona si vibaya niwasimulie mambo niliyojifunza katika nyumba moja yenye joto, maana si yote yaliyomo vitabuni, na mengine yamo vitabuni lakini hatuyatumii.

Mwezi wa Desemba 2024 nilitoka kwetu Kabale, nchini Uganda, nikaenda Mombasa kumtembelea mjomba wangu. Yeye ni fundi wa malori, na alikuwa amehamia huko miezi miwili tu, pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka mitatu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili katika nyumba ya mabati huko Kisauni, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa.

Kabale iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Darasani tulifundishwa kwamba, kwa wastani, hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Piga hesabu, utapata tofauti ya nyuzi 13. Mimi hesabu hiyo niliipata sawasawa katika mtihani, lakini nilifunga safari na sweta mbili na blanketi la sufi!

Usiku wa kwanza tulifunga madirisha na mlango, kama tufanyavyo kwetu kuzuia baridi. Mjomba aliogopa wezi pia, na mkewe aliwaonea haya majirani, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa bado kizito. Basi tukalala humo kama viazi ndani ya chungu. Mtoto alilia mpaka alfajiri.

Siku ya sita tukapata msiba mdogo, ambao ungeweza kuwa mkubwa. Jioni mke wa mjomba alipika wali na maharagwe, ukabaki wali mwingi. Akaufunika sufuriani, akauacha mezani, maana kwetu baridi ya usiku hukilinda chakula. Asubuhi aliupasha moto akampa mtoto. Kabla ya adhuhuri mtoto alianza kutapika, kisha akaharisha, na macho yake yakaanza kuingia ndani. Mjomba alikuwa kazini. Sisi wawili tulisimama tu, hatujui pa kukimbilia.

Ndipo tukasikia, "Hodi! Kuna nini humu?" Alikuwa bibi mmoja wa chumba cha pili, ambaye kwa siku zote hizo sikuwa nimempa hata shikamoo. Alichukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, akamnywesha mtoto kidogo kidogo. Kisha akatuongoza mpaka zahanati, mimi nimembeba mtoto mgongoni. Siku ya tatu alikuwa mzima.

Muuguzi alitueleza sababu. Wali mbichi huwa na vijidudu vyenye mbegu ngumu ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali uliopikwa ukikaa katika joto, mbegu hizo huamka, vijidudu huongezeka, na hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto wali mara ya pili. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Kiingizwe katika jokofu, na asiye na jokofu apike kiasi cha kuliwa. Bibi yeye hana jokofu. Wali ukimbakia, huupeleka kwa jirani usiku ule ule, ungali moto.

Tangu siku hiyo mlango wetu ulikuwa wazi mchana kutwa, na bibi akawa mwalimu wetu. Nayaandika hapa mafunzo yake matatu.

La kwanza ni upepo. Alituagiza tufungue madirisha ya pande mbili, ili hewa iingie huku itokee kule, na kitanda tukisogeze katikati ya njia yake, ndani ya chandarua. Nilikumbuka masomo: jasho likikauka huchukua joto la mwili. Lakini hewa ya pwani imejaa mvuke, hivyo jasho hukauka polepole; upepo ndio unaoondoa hewa iliyoshiba na kuleta nyingine. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini huja kushika nafasi yake. Mjomba alitia vyuma madirishani, na hofu ya wezi ikapungua.

La pili ni mtungi. Bibi alitupa mtungi wa udongo wa kuwekea maji ya kunywa. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, niliupaka nje rangi ya mafuta, ukang'aa kama kikombe cha mashindano. Lakini maji yake hayakupoa tena. Bibi akacheka sana. "Mjukuu wangu," akasema, "umeuziba pua. Mtungi hupumua." Kweli kabisa! Maji hupenya katika vitundu vya udongo, yakikauka nje huchukua joto la yale ya ndani. Ni kanuni ile ile ya jasho, nami nilikuwa nimeiandika katika daftari. Nilimnunulia mjomba mtungi mwingine kwa fedha zangu za matumizi, tukauweka kivulini penye upepo.

La tatu ni kabati. Chumvi huvuta unyevu wa hewa ikawa tope. Punje chache za mchele mkavu ndani ya kopo huupunguza. Sisimizi hupanda kwenye sukari; miguu ya kabati husimamishwa katika makopo ya maji, nao hawavuki. Ila nilisahau kuyabadili maji hayo, na baada ya majuma mawili nilikuta viluwiluwi vya mbu vikiogelea humo. Yamwagwe kila siku ya tatu, usije ukafukuza sisimizi ukafuga mbu.

Nilirudi shuleni mwishoni mwa Januari 2025, na lile blanketi sikulifungua hata siku moja. Nikifikiri sasa, naona kosa letu halikuwa kutoijua sayansi, kwa kuwa sehemu kubwa tulikwisha kufundishwa. Tulifunga dirisha tukakosa upepo, tukafunga mlango tukakosa jirani, na aliyeumia ni mtoto ambaye hakufunga lolote.

Basi, ndugu yangu, siku utakapopanga chumba ugenini, kabla hujafungua sanduku lako piga hodi chumba cha pili. Toa salamu, kisha uliza: hapa maji huwekwaje, chakula hukaa muda gani, upepo watoka upande upi? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilichelewa siku sita.