Chafya ya Kondoo

Mfugaji wa Mahege, wilayani Kibiti, aonapo kondoo akipiga chafya mfululizo, asidhani ni mafua tu. Yuko nzi atiaye funza wachanga puani mwa kondoo na mbuzi. Funza watambaapo, mshipa wa fahamu wa tano wa kichwa hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Amri hurudi bila hiari ya mnyama: mshipa wa saba, ule wa uso, hufumba macho, mishipa mingine hukaza misuli ya kifua na tumbo, na pumzi hutoka kwa kishindo.

Chafya ni kinga, lakini humfaa nzi pia: funza aliyekomaa hutupwa nayo chini, akajichimbia udongoni, akageuka nzi. Basi, bwana mifugo aitwe mapema.