Kadi ya Kumbukumbu Isiyotambuliwa na Kompyuta

Wanafunzi wa elimuviumbe wapandao kutoka mji mkavu wa Same hadi msitu wa Chome, ambao kilele chake, Shengena, chafikia mita 2,462, huweza kurudi na picha za kinyonga au za ua la msituni ambalo juma lijalo halitakuwapo. Picha hizo zimo katika kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kadi hutiwa katika adapta, adapta katika kisomeo, na kisomeo huchomekwa katika tundu la kompyuta. Kisha kompyuta hukaa kimya.

Kosa liko wapi? Yafaa kufuata njia ya umeme hatua kwa hatua.

Adapta haina akili yoyote. Ndani yake mna nyaya nyembamba tu, ziunganishazo vigusio 8 vya kadi ndogo na vigusio 9 vya umbo kubwa. Ikishindwa, sababu huwa ni vumbi (nalo halikosekani Same), kutu au waya uliokatika. Kitufe kilicho ubavuni mwake huzuia kuandika, hakizuii kusoma. Wengi hukilaumu bure.

Kisomeo ndicho chenye akili. Katika mfumo wa USB 2, kikinzani cha omu 1,500 huinua volteji ya waya mmoja wa data, na kwa dalili hiyo kompyuta hujua kwamba kifaa kimefika. Huuliza ni kifaa gani. Kisomeo hujibu kwa kutaja namba ya mtengenezaji na ya aina yake. Kwa hiyo, kisomeo kikionekana katika orodha ya vifaa ilhali kadi haionekani, mazungumzo hayo yamekwisha salama na kosa liko mbele zaidi.

Mara nyingi kosa hilo ni la hesabu. Kadi za SD za awali, zilizotangazwa mwaka 1999, hutaja kila baiti kwa anwani ya biti 32. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, na kiwango rasmi kiliishia gigabaiti 2. Kadi za SDHC, zilizokuja mwaka 2006, hutumia biti 32 zile zile, lakini kila anwani hutaja fungu la baiti 512. Kisomeo cha zamani hakijui lugha hiyo. Kadi ya gigabaiti 8 yaingia tunduni barabara, wala haisomeki. Mwanafunzi azidishe mwenyewe aone ukomo mpya ni upi. Njia nyepesi ni kuirudisha kadi katika kamera na kuiunganisha kamera kwa waya.

Kadi zizidizo gigabaiti 32 hupangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao Windows XP haikuujua bila nyongeza. Kompyuta ya namna hiyo huomba ruhusa ya kuifomati kadi. Ruhusa isitolewe: kadi ijaribiwe katika kompyuta nyingine, picha zinakiliwe, ndipo kadi isafishwe.