Fomu Ndani ya Fomu

Tuseme tunatengeneza ukurasa wa kusajili familia za hapa Oli zitakazogawiwa futari. Ndani ya fomu ya familia tunaweka kidirisha cha kuongeza mtoto, chenye fomu yake. HTML hairuhusu: kivinjari huipuuza alama inayofungua fomu ya ndani, kisha alama ya kuifunga huifunga ya nje. Ukibofya "Ongeza", fomu ya familia hutumwa kabla ya wakati, na sehemu zilizoandikwa chini ya kidirisha huachwa nje.

Mimi hukiandika kidirisha nje ya fomu kubwa. Kitufe cha kukifungua hukipa type="button" ili kisitume chochote. Jina la mtoto huingia kwanza kwenye orodha ya familia, halafu yote hutumwa pamoja. Jaribuni na watoto watatu. Wakifika wawili, mmoja atakosa futari.