Maswali na Majibu: Begi Lipi Litahimili Safari za Kwetu?

Mpunga wa bonde la Usangu ukishavunwa na kuuzwa, kaya nyingi za Chimala, Igurusi na Rujewa hununua vitu vilivyosubiri mwaka mzima, na begi la safari ni mojawapo. Maswali yafuatayo ni yale ambayo fundi wa mabegi huulizwa sana msimu huu. Nimeyajibu nikifikiria safari zetu wenyewe: barabara kuu ya Tanzania na Zambia inayopita kwetu, vumbi la bondeni, kona za kupanda Matamba na buti za mabasi ya Dar es Salaam. Msimamo wangu ni huu: begi hufa kwenye viungo vyake, yaani zipu, magurudumu, mikono na mishono. Kwa hiyo begi la kununua ni lile ambalo viungo vyake ni imara, na vikichoka fundi wa karibu nawe anaweza kuvifungua na kuvibadilisha.

Swali: Habari za kazi, fundi? Nyumbani nina masanduku mawili yaliyochoka. Moja zipu yake inaachia kila nikilijaza, jingine limepoteza gurudumu. Niyatupe ninunue mapya? (Mama muuza mchele, Chimala)

Jibu: Njema, mama. Usitupe kabla ya kujua kilichoharibika. Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake mara nyingi meno yake bado ni mazima. Kilichochoka ni kichwa, ambacho kwa kusuguana na meno kimepanuka na hakibani tena. Fundi hukibana taratibu kwa plaizi pande zote mbili, na kikikataa hukibadilisha. Hiyo ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na begi jipya. Meno yakiwa yameng'oka au utepe umechanika, zipu nzima inabidi ibadilishwe, na hapo ndipo upige hesabu kama sanduku linastahili.

Gurudumu nalo lina tiba. Fungua bitana ya ndani uangalie lilivyofungwa. Kama ni skrubu, bisibisi inatosha. Kama ni ribiti, fundi huzitoboa kwa drili na kuweka bolti na nati mahali pake. Sanduku la kuaga ni lile ambalo fremu yake imevunjika, plastiki imepasuka kwenye kona, au kitambaa kimeungua kwa jua kiasi kwamba ukikikwaruza kwa kucha kinatoa unga. Hapo ukishona leo, kesho kitachanika pembeni mwa mshono.

Swali: Shikamoo, fundi. Nasoma Dar es Salaam na husafiri kwa basi. Ninunue begi la plastiki ngumu au la kitambaa? (Kijana wa chuo, Igurusi)

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwa basi, nunua la kitambaa. Kutoka Igurusi hadi Dar es Salaam unapita Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro, na kila abiria anaposhuka mizigo hutolewa na kupangwa upya. Begi lako linaweza kukaa chini ya gunia la mchele la kilo 100. Kitambaa hubonyea kikarudi, lakini plastiki dhaifu ikielemewa kwenye kona hupasuka, na ufa wake ni mgumu kuziba.

Kitambaa hupimwa kwa namba inayofuatwa na herufi D, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Begi la 600D linafaa matumizi ya kawaida, na la 1680D hustahimili zaidi msuguano wa sakafu na magunia. Kwa namba ileile, nailoni huvumilia kusuguliwa kuliko poliesta, ila poliesta huvumilia jua vizuri zaidi. Lebo ikikosekana, kunja kitambaa kwa vidole, kisha kiinue kwenye mwanga. Kinachopitisha mwanga kama chandarua kiache dukani.

Usitegemee neno la muuzaji kwamba begi halipitishi maji. Maji hupita kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu. Masika ya kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kipindi hicho buti za mabasi hulowa. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa ndani wa turubai jepesi. Utadumu kuliko begi lenyewe.

Swali: Mabegi ya matairi manne yanateleza vizuri dukani. Kwa nini mafundi mnatuambia tununue ya mawili? (Mwalimu, Matamba)

Jibu: Mwalimu, sakafu ya duka ni vigae, na njia ya kutoka stendi hadi nyumbani kwako ni changarawe. Sanduku la magurudumu lilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya ndege. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la kuvutwa kwa kamba mwaka 1972, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akatengeneza lile la kusimama wima lenye magurudumu mawili na mkono unaorefushwa. Wote wawili walikuwa wakifikiria sakafu laini.

Magurudumu manne huwa madogo na yamejitokeza nje ya begi. Likitupwa kwenye buti, gurudumu ndilo linalopokea pigo. Kwenye changarawe hukwama, na vumbi huingia kwenye mhimili wake. Magurudumu mawili hukaa ndani ya kona za begi, huwa makubwa zaidi, na mhimili wake haugeuki kila upande. Kwa mtu anayepanda Matamba kwa gari na kumalizia kwa bodaboda, hata begi lisilo na magurudumu kabisa, lenye mikanda mipana ya begani, ni chaguo la busara. Halina cha kuvunjika, na uzito wote unaoubeba ni mzigo wako mwenyewe.

Swali: Nikiwa dukani nikague nini, na kwa utaratibu gani? Wauzaji hawapendi mteja anayechelewa. (Baba wa watoto watatu, Rujewa)

Jibu: Mzee wangu, pesa ni yako na ukaguzi ni haki yako. Anza na zipu. Ivute kuzunguka begi lote, hasa kwenye kona, mara kadhaa. Ikikwama likiwa tupu, likijaa itapasuka. Zipu kuu iwe pana, meno yake yakipita milimita nane ni vizuri. Usinunue kwa kuangalia jina lililochongwa kwenye kichwa tu, maana majina hughushiwa.

Kisha vuta mkono wa juu hadi mwisho na uutikise kushoto na kulia. Kuyumba kidogo si kosa, lakini ukicheza sana ujue bomba lake ni jembamba. Shika sehemu ya chini ya begi, ligeuze, uzungushe kila gurudumu. Lizunguke bila kuyumba, na lisiwe la plastiki tupu inayong'aa. Lenye mpira au plastiki laini kwa nje halipigi kelele sana na halipasuki haraka.

Hatua ya tatu ni kufungua bitana. Begi zuri lina zipu ndogo ndani inayokuwezesha kuona skrubu za mkono na magurudumu. Ukikuta bitana imegundishwa pande zote, fundi atalazimika kuichana ili afike kwenye tatizo.

Mwisho angalia mishono ya vishikio. Kila mwisho wa kishikio uwe na mshono mzito uliorudiwa, na kwa ndani pawe na kipande cha ziada cha kitambaa au plastiki kinachosambaza uzito. Kama begi ni la plastiki, ambalo wauzaji wengi huliita la fiba, bonyeza ubavu wake kwa kiganja. Polipropilini na polikaboneti hubonyea na kurudi. Plastiki ya ABS ya bei ya chini huwa kavu, na ikikunjwa huacha alama nyeupe, ambayo ni dalili ya ufa unaokuja.

Swali: Bei ya begi zuri ni kubwa. Je, mtumba wafaa? (Mjasiriamali, Mbeya mjini)

Jibu: Dada yangu, gawanya bei kwa miaka ya kulitumia. Tuseme begi la shilingi 45,000 linakufa baada ya mwaka mmoja, na la shilingi 120,000 linadumu miaka sita. La kwanza limekugharimu 45,000 kwa mwaka na la pili 20,000. Lakini bei kubwa peke yake haileti uimara. Mabegi mengine hulipiwa mapambo, rangi na ngozi bandia, na ngozi hiyo hubanduka vipande vipande kwa joto na unyevu hata begi likiwa juu ya kabati.

Mtumba wafaa, tena sana. Ukienda Mwanjelwa au Kariakoo unaweza kukuta begi la kitambaa kizito kwa bei ya begi jipya dhaifu. Angalia mambo matatu. La kwanza ni magurudumu: aina ya plastiki laini inayotumika huharibika kwa umri hata bila safari, ikawa inamomonyoka kwa vidole. La pili ni utando wa ndani wa kitambaa. Ukinata mkononi au ukitoa harufu ya kuchacha, umeoza na haurudi. La tatu ni kufuli ya namba. Jaribu 0-0-0, maana ndiyo namba ambayo kufuli nyingi hutoka nayo kiwandani. Ikikataa, omba upunguziwe bei kabla ya kuondoka.

Na mfuko wa shangazi kaja nao una kazi yake. Ni mwepesi, bei yake ni ndogo, na hubeba blanketi na nguo za watoto vizuri. Udhaifu wake ni vishikio vilivyoshonwa ukingoni tu, na jua linalokatakata nyuzi zake. Ushonee mkanda unaopita chini ya mfuko mzima na kupanda pande zote mbili, kisha uuhifadhi kivulini.

Swali: Binti yangu amepangiwa shule ya bweni. Tranka au begi? (Mama, Chimala)

Jibu: Hongera, mama. Uwezo ukiruhusu, vyote viwili. Tranka la bati hukaa shuleni muhula hadi muhula, hufungwa kwa kufuli, na panya halitoboi. Hata hivyo ni zito na lina kona kali, halifai kuburutwa kila likizo kutoka shule kama Loleza. Nguo za safari ziende kwenye begi dogo la mgongoni.

Ukimwagiza fundi bati, bonyeza kifuniko katikati: kikizama kwa kidole, bati ni jepesi. Bawaba ziwe tatu kama tranka ni refu, zifungwe kwa ribiti na si kwa kulehemu nukta moja tu. Chini papakwe rangi mara mbili na pawekwe vipande vya mbao au mpira, kwa sababu kutu huanzia pale bati linapogusa sakafu iliyodekiwa. Pima pia urefu wa nafasi chini ya kitanda cha bweni kabla ya kulipa.

Swali: Nitasafiri kwa ndege kutoka Songwe kisha nje ya nchi. Begi gani? (Kaka, Uyole)

Jibu: Kaka, hapo begi gumu la polipropilini lina nafasi yake, kwa kuwa sakafu ni laini na uzito unahesabiwa. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi la daraja la kawaida, na jumla ya urefu, upana na kina isizidi sentimita 158. Soma tiketi yako, maana masharti hutofautiana. Begi tupu la kilo tano limekula zaidi ya sehemu ya tano ya haki yako, hivyo tafuta la kilo tatu hadi nne. Epuka begi lenye betri isiyoweza kutolewa. Tangu Januari 2018 mashirika mengi hayalipokei, na pawa benki husafiri na abiria ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini.

Kwa Marekani tumia kufuli yenye alama ya TSA, ambayo wakaguzi wana ufunguo wake, wasije wakaivunja. Begi likifika limevunjika, toa taarifa kabla hujatoka uwanjani, uandikiwe karatasi. Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika katika safari za kimataifa, na siku 21 kwa uliochelewa.

Swali: Nikishanunua, nilitunzeje? (Msomaji, Makambako)

Jibu: Baada ya kila safari futa magurudumu kwa brashi kavu, toa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye mhimili. Sugua meno ya zipu kwa mshumaa, usitumie mafuta ya kupikia, yanakusanya vumbi. Lianike kivulini, lihifadhi likiwa kavu na zipu ikiwa wazi kidogo ili ukungu usishike. Mshono ukianza kuachia, lipeleke kwa fundi wiki hiyohiyo.

Neno langu kwa kila msomaji anayejiandaa kununua: usilipie begi ambalo hujalijaza. Mwombe muuzaji akuruhusu kutia ndani vitu vya uzito wa safari yako, ufunge zipu, ulinyanyue kwa kila kishikio na kulivuta hadi nje kwenye udongo. Akikataa, nenda duka la pili. Akikubali na begi likapita, lipa, chukua risiti, na ulitunze.