Uniti ya Umeme na Gharama Yake Nyumbani

Katika kata ya Ihembe, wilayani Karagwe, kama ilivyo kila mahali palipofikiwa na nyaya za umeme, husikika mara kwa mara malalamiko kwamba uniti zimekwisha upesi. Lakini uniti haziishi zenyewe. Kuna kifaa kilichozitumia, nacho chaweza kutambuliwa kwa hesabu. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo.

Uniti ni nini?

Wati na uniti si kitu kimoja. Wati hupima uwezo, yaani kasi ambayo kifaa hutumia nishati. Uniti hupima jumla ya nishati iliyokwisha kutumika. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja, kimetumia kilowati-saa moja, na hiyo ndiyo uniti. Kwa hiyo:

uniti = wati × saa ÷ 1,000

Uniti moja ni sawa na jouli 3,600,000. Nishati hiyo ingetosha kuinua magunia 10 ya kahawa, kila moja la kilo 100, hadi kimo cha mita 360 hivi. Kituo cha Rusumo, kilichojengwa katika mto Kagera, kina uwezo wa megawati 80. Mitambo yake yote ikifanya kazi kikamilifu, huzalisha uniti 80,000 kila saa, ambazo hugawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba yenye taa 4 za wati 9 zinazowaka saa 5 kila siku. Redio ya wati 10 kwa saa 6. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4. Na simu 2 zinazochajiwa kwa wati 5 kila moja, kwa saa 2. Jumla ni 180 + 60 + 240 + 20, yaani wati-saa 500, au nusu uniti kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 15 tu.

Tuongeze jokofu linalotumia uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Sasa jumla ni uniti 51.

Asubuhi za nyanda za Karagwe zina baridi, na watu hupenda kuoga maji ya moto. Kuipasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 50 za sentigredi huhitaji kilojouli 20 × 4.2 × 30, yaani 2,520. Hizo ni uniti 0.7, bila kuhesabu joto linalopotea. Ndoo moja kila siku ni uniti 21 kwa mwezi. Ndoo mbili ni 42.

Wengine hudhani kwamba hita ya wati 1,000 hubana matumizi kuliko ya wati 2,000. Sivyo. Hita kubwa huipasha ndoo hiyo kwa dakika 21, na ndogo kwa dakika 42. Uniti ni zilezile 0.7.

Uniti ya 76

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA kuanzia Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi kufikia 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi hapo ilipangiwa shilingi 350. Juu ya bei hizo ziliongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3, na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22.

Tulinganishe kwa bei hizo. Nyumba yetu ikipasha ndoo moja kila siku, hutumia uniti 72:

72 × 100 = shilingi 7,200; pamoja na tozo, 8,784.

Ikipasha ndoo mbili, hutumia uniti 93:

(75 × 100) + (18 × 350) = shilingi 13,800; pamoja na tozo, 16,836.

Matumizi yameongezeka kwa chini ya theluthi moja, lakini malipo yamekaribia kuongezeka maradufu. Ndoo ya pili peke yake imegharimu karibu sawa na taa, redio, televisheni, simu, jokofu na ndoo ya kwanza vikijumlishwa. Anayezima taa ili kubana matumizi, huku akipasha maji asiyoyahitaji, ameziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Jaribio

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo inayomweka, na idadi ya mimweko kwa kila uniti huandikwa usoni mwa mita. Ikiwa imeandikwa 1,000, nanyi mkahesabu mimweko 10 kwa dakika moja, basi kwa saa ni 600. Nyumba inatumia wati 600. Washeni kifaa kimoja, mhesabu tena, na tofauti itawaonyesha wati za kifaa hicho. Msiifungue mita wala kugusa nyaya zake.

Mazoezi

1. Pasi ya wati 1,000 hutumika nusu saa, mara mbili kwa juma. Itatumia uniti ngapi katika majuma manne?

2. Nyumba ya mfano wetu inaendelea kupasha ndoo mbili, lakini maji huachwa kwanza juani hadi yafikie nyuzi 35. Tafuta jumla ya uniti za mwezi na malipo yake.

3. Soma stakabadhi ya LUKU ya nyumbani kwenu. Gawanya fedha zote zilizolipwa kwa idadi ya uniti, kisha eleza kwa nini jibu linazidi bei ya msingi ya uniti.